Misitu Mitatu Juu ya Droo

Nakutegea, nawe ujibu kabla kahawa haijapoa. Nyumba yangu ikitua hutoa tumbo, ikitaka kwenda hulimeza, na siku ilipomeza vibaya ilimmeza na mwenyewe. Nini hiyo?

Konokono? Konokono hatoi tumbo, hutoa pembe. Kobe? Kobe hajapata kummeza mtu. Basi umeshindwa, nipe mji. Miji mikubwa yote baki nayo, mimi nipe Tillamook, kule pwani ya Oregon kwenye mvua isiyochoka, maana huko ndiko nilikomezwa, asubuhi ya mwezi wa kumi, kikombe mkononi na slipa miguuni.

Jibu ni trela. Yetu ilikuwa na urefu wa futi thelathini na mbili, na ubavuni ilikuwa na ile sehemu ya sebule inayotoka nje kama droo ya kabati, pamoja na kochi lake, meza yake na dirisha lake. Nasi tuliiita hivyo hivyo, droo. Mkifika kambini unabonyeza swichi, mota inanguruma chini ya sakafu, ukuta mzima unatembea kwenda nje, na nyumba inapata pumzi. Siku ya kuondoka unabonyeza tena, kochi linarudi mpaka karibu na sinki, na sebule inageuka uchochoro.

Ndani ya uchochoro huo ndimo nilimokuwa nimesimama. Kochi lilinibana mapaja, ukingo wa sinki ulinikaa mgongoni. Kushoto kwangu mkono wa kochi ulikuwa umeuziba mlango wa nje. Kulia meza ilikuwa imegota kwenye friji, na nyuma ya friji ndiko kulikokuwa na kitanda na choo. Mota ilikuwa imelia, ikakohoa, ikatoa mlio mmoja wa chuma kinachovunjika jino, kisha ikanyamaza. Upande mmoja wa droo ulikuwa umeingia wote, mwingine umebaki nje, nyumba imekaa mshazari kama mdomo wa mtu aliyepooza.

"Merle!" niliita. "Merle, umefagia kweli huko juu?"

Mvua ilijibu kwanza. Kisha nikaisikia sauti ya mume wangu, ya taratibu, kama ya mtu aliyeulizwa saa.

"Nimefagia, mama. Bonyeza tena."

Nikabonyeza tena. Swichi ikatoa kile kisauti chake kidogo kikavu, tik, basi.

Sisi tulikuwa wakulima wa ngano, Dakota Kaskazini, mahali ambapo upepo unajua jina la kila mtu. Mimi niliacha shule darasa la nane, baba alipohitaji mikono, na sikuona shida, maana hesabu za ngano nilizijua na barua niliweza kuandika. Merle nilimpata kwenye dansi ya kanisa. Hakujua kucheza, alijua kusimama vizuri. Baba yake alipigwa na kiharusi akiwa na miaka sitini, wakamkalisha kwenye kiti dirishani pa jikoni, na pale alikaa miaka kumi na mmoja akitazama barabara ambayo magari yake yote aliyajua. Siku tuliyomzika, Merle aliendesha pikapu kurudi nyumbani, na tulipoingia uani akauambia usukani, wala si mimi: "Mimi hawanikalishi dirishani."

Kwa hiyo shamba lilipouzwa, tukanunua trela. Majira ya baridi tulikaa Arizona, jangwani, pamoja na wazee wenzetu elfu kwa elfu waliokimbia theluji. Joto likianza tulipanda kaskazini, kiangazi tukakipitisha Montana kando ya mto, na vuli ikitukuta Oregon chini ya misonobari. Miaka minane. Ya kwanza niliipenda kama msichana aliyetoroka shule. Ya pili pia. Baadaye nikaanza kuchoka na vitu ambavyo huwezi kumweleza mtu mezani bila kuonekana mjinga. Nilitaka kuamka nione mti uleule wa jana. Nilitaka kupanda mtofaa niungoje uzae, na nikikasirika nao nijue kesho nitaukuta palepale. Karna, binti yetu, alikuwa ametuwekea kijumba nyuma ya nyumba yake kule Bismarck, Dakota kwetu, kina mlango wake na jiko lake. Mwaka ule, tukiwa bado Arizona, nilimwambia Merle wakati wa kifungua kinywa, "Natamani tusimame sasa."

Akapaka siagi mkate wake mpaka kwenye pembe nne. "Tutaona, mama."

Kwetu Dakota, "tutaona" ni "hapana" iliyovaa koti. Nikaondoa vyombo mezani. Ndivyo nilivyobaki nimefungwa ndani ya nyumba yenye magurudumu, mimi ambaye kila mtu aliniambia, "Wee Ardith, una bahati, uko huru kama ndege." Ndege gani analala kila usiku kitanda kilekile na kuamka kila mwezi mji mwingine?

Ukitaka kuelewa yaliyonipata, lazima ujue jinsi watu wa trela wanavyofunga safari. Kuna utaratibu wake, na sisi wazee tulikuwa wakali juu yake kuliko mambo ya kanisa. Kitu cha kwanza ni juu ya droo. Droo ikiwa nje, mgongo wake unakaa wazi chini ya miti wiki nzima, na kila kinachodondoka kinatua pale. Majani, vijiti, matunda ya msonobari, mavi ya ndege. Ukiivuta ndani bila kufagia, takataka zote hizo unaziingiza nyumbani kwa mkono wako mwenyewe, na zikipita zinachana ile midomo ya mpira inayozuia maji. Kukiwa na mvua kazi ni mara mbili. Unafagia, unakausha kwa ule mpira wenye mpini, kisha unashusha jeki za upande mmoja, nyumba inainama kidogo kama mtu anayetoa maji sikioni, na maji yanachuruzika. Halafu unaiingiza droo nusu tu. Unangoja. Unafuta midomo ya mpira kwa taulo, juu, pembeni, juu tena. Ndipo unaimalizia. Mwenye haraka analala na mvua ya Oregon chini ya zulia mpaka jangwani.

Wengine huweka turubai juu ya droo, linalojikunja lenyewe. Letu lilichanwa na upepo wa Wyoming, na Merle akakataa kununua jingine. "Nina ufagio," alisema.

Basi kazi tuligawana. Yeye juu ya ngazi, mimi ndani kwenye swichi, simwoni wala hanioni. Nilikuwa nausikia ufagio, shwaa, shwaa, shwaa, kisha kimya kidogo, kisha mpini unagonga ukuta mara tatu. Mara tatu maana yake safi, lete. Mara moja maana yake simama. Miaka minane mkono wangu uliujua ugongaji ule kuliko kengele ya kanisa. Sikuwahi kutoka kwenda kuangalia. Mke anayetoka kuangalia anakuwa amesema neno ambalo halirudi.

Asubuhi ile kambi ilikuwa inafungwa kwa ajili ya baridi. Saa sita mchana mlinzi angefunga geti kwa mnyororo, maana mto ulikuwa umeshaanza kulamba viwanja vya chini, na dhoruba nyingine ilikuwa njiani kutoka baharini. Tangu alfajiri upepo ulikuwa umetikisa misonobari, na juu ya paa letu vitu vilidondoka, vingine vyepesi, vingine kama mtu katupa kiatu. Nikasikia ufagio. Shwaa, shwaa, shwaa. Nikasikia mara tatu. Nikabonyeza, na kahawa yangu mkononi.

Dakika kumi baada ya kukwama, nusu ya kambi ilikuwa uani kwetu. Watu wa trela hawawezi kuona droo imekwama wakapita zao. Kila mmoja ana dawa yake, na anayo dawa kabla hajauliza ugonjwa. Wa kwanza alikuwa Boyd, jirani wa kiwanja cha kulia, mtu wa Texas mwenye mkanda wenye bizimu la chuma kwa mbele, kubwa kama bakuli.

"Hii ni fyuzi," Boyd alisema.

"Si fyuzi," Merle akasema.

"Nakwambia ni fyuzi. Jirani yangu wa Amarillo droo yake ilikwama hivihivi. Fyuzi."

"Boyd, fyuzi ya jirani yako iache hukohuko Amarillo." Hiyo ilikuwa sauti ya Rozella.

Nikapumua. Rozella alikuwa mjane wa Louisiana, miaka sabini na ushei, aliyekuwa akivuta kitrela chake peke yake na kuimba akirudi nyuma ili watoto wajitenge. Alizunguka hadi upande wa sinki, na uso wake ukatokea kwenye kile kidirisha kidogo, upana wa trei ya mkate.

"Bi Ardith, uko hai humo?"

"Niko hai. Nimebanwa."

"Umebanwa na kochi au umebanwa na kahawa?"

"Vyote, dada. Kahawa ndiyo inaongoza."

"Sufuria hakuna?"

"Ipo ya kukaangia samaki."

"Basi leo imepata kazi mpya. Mimi sioni kitu, nageuka." Akageuka kweli, akasimama kama askari, akamfukuza Boyd aliyekuwa anakuja. Nikicheka mwenyewe, machozi yananitoka, nikafanya mambo yangu katika nafasi ambayo paka angeilalamikia. Usinicheke. Ukifika umri wangu utajua kwamba heshima ni kitu unachokiweka rafuni kwa muda na kukichukua tena.

Kicheko kilipoisha ndipo hofu ilipokuja. Nilijaribu kuukunja mguu, haukunjiki. Nilijaribu kupita juu ya kochi, lakini mgongo wake ulikuwa umefika juu karibu na kabati, na nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imeshastaafu kazi ya kupanda. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Nikafikiria geti. Nikafikiria mto. Nikafikiria, kwa aibu, kwamba kama droo isingetoka kabisa, basi tungekuwa tumesimama, na kwamba hata kusimama kwa namna hii, mwili ukiwa umebanwa kama barua ndani ya bahasha, kulikuwa na raha ndogo ndani yake.

Upande wa pili wa nyumba Rozella aliuliza, "Nani amepanda juu kuangalia?"

"Nimefagia," Merle alisema.

"Sijauliza nani amefagia, mzee wangu. Nimeuliza nani amepanda kuangalia."

Nikasikia akiiegemeza ngazi ukutani.

"Nishikieni ngazi."

"Rozella, utateleza," Merle alisema, na katika sauti yake nikasikia kitu ambacho sikukijua. "Acha. Nimekwambia nimefagia."

"Nimezika waume wawili. Ngazi itanifanya nini?"

Nikazisikia hatua zake, kidato kwa kidato. Kisha hakuna hatua. Kisha mvua tu, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani amepatwa na kizunguzungu.

"Bi Ardith!" aliita kutoka juu. "Mwezi wa nne mlikuwa wapi?"

"Arizona," nikasema. "Kwa nini?"

"Na mwezi wa saba?"

"Montana. Kando ya mto. Rozella, kuna nini?"

"Maana vyote viko hapa." Akaanza kunisomea kama mtu anayesoma orodha ya mirathi. Chini kabisa kulikuwa na maua ya njano, yale madogo ya miti ya jangwani, yamekauka yakawa unga. Juu yake pamba, ile nyeupe inayoruka kwenye miti ya mito ya Montana mwezi wa saba, imelowa na kushikana kama blanketi kuukuu. Juu ya pamba sindano za msonobari, kina cha kiganja, zimeoza, na ndani yake kijani kinachipua. Na mbele, kwenye mdomo wenyewe wa mpira, tawi zima lenye matunda yake, nene kama mti wa kusukumia chapati, limeingia nusu na kung'ang'ania. "Hapa juu kuna misitu mitatu, Bi Ardith. Mnatembea na shamba."

Boyd akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akakatiza katikati.

Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Tangu tuondoke Arizona tulikuwa tumefunga safari mara tisa. Mara tisa nilisikia ufagio, na mara tisa mpini uligonga mara tatu. Nikainama kwa ubavu kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye sinki, mpaka vidole vikafika chini pale zulia linapokutana na droo. Zulia lilikuwa bichi. Nikalibonyeza, maji yakapanda kati ya vidole. Nikaingiza kidole chini yake, kwenye mbao, na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowekwa maziwa. Ile harufu! Montana nzima nilikuwa naitafuta. Nilifua vitambaa vya vyombo vyote, nikatupa sponji, nikamshutumu Merle kwa soksi zake.

"Boyd," nilimsikia Rozella akisema, ameshashuka, "twende kwenye gari lako tukatafute ile hendeli ya kuzungushia droo kwa mkono."

"Hendeli ninayo hapa mko—"

"Twende, Boyd."

Wakaenda. Nikasikia viatu vya Merle vikizunguka nyumba, polepole, vikiburuta kokoto. Sikuwa nimewahi kuviwekea sikio. Viliburuta, kweli viliburuta. Kofia yake ikatokea chini ya kidirisha, kisha uso wake, mvua ikitiririka kwenye mikunjo.

"Nilikuwa nausikia ufagio," nikamwambia. "Kila tulipoondoka. Niliusikia, Merle."

"Nilikuwa nafagia ukuta."

Nilimwona. Alfajiri tisa, yuko chini, miguu yote miwili kwenye mchanga au nyasi au tope, mikono juu, anafagia ukuta msafi ili mke wake ndani asikie. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongeza hata kilo moja kwenye gunia la ngano. Shwaa, shwaa, shwaa. Anasimama, anasikiliza kama nasikiliza. Kisha anagonga mara tatu.

"Kwa nini?"

"Ngazi."

"Ngazi imefanya nini?"

Aliangalia pembeni, kwenye pipa la gesi, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa pale. "Miguu, mama. Ipo lakini haipo. Kuanzia hapa kwenda chini." Sikuona hapo ni wapi, kidirisha kilinionyesha kichwa na mabega tu. "Nikikanyaga kidato sijui kama nimekanyaga kidato au nimekanyaga hewa. Yule daktari wa Yuma, tulipokuwa Arizona, alisema ni sukari."

"Uliniambia yule daktari wa Yuma alisema uko sawa."

"Alisema moyo uko sawa."

Ningeweza kukasirika, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha, imejaa mpaka kooni. Lakini kabla haijatoka, kitu kingine kilipenya kwa chini, kimya kimya, kama yale maji. Nilikumbuka mlima tulioushuka kutoka Idaho wiki tatu kabla, barabara imejikunja kama utumbo, nyuma yetu nyumba ya pauni elfu kumi na mbili ikitusukuma. Mimi nilikuwa natafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Nilikuwa namsomea majina ya miji. Nilikuwa nimevua viatu.

"Na breki, Merle?" nikasema. "Breki unaihisi?"

Akanitazama. Akavua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena, akairekebisha mbele.

"Nimeipata!" Boyd alipiga kelele kutoka mbali, akija anakimbia na ile hendeli juu kama kombe. "Ilikuwa mkononi muda wote!"

Merle akaondoka dirishani. Swali likabaki pale, ndani ya fremu, na mvua ikipita nyuma yake.

Wakafanya kazi. Rozella juu ya ngazi na glavu, analichomoa tawi vipande vipande na kuzichota zile takataka kwa mikono, zikidondoka chini kwa vishindo vya unyevu. Boyd chini, chali kwenye tope, anazungusha hendeli. Merle bega ukutani. "Haya, moja, mbili, pamoja!" "Boyd, unazungusha kuelekea ndani!" "Nazungusha kuelekea nje!" "Nje ya Texas labda! Geuza!" Kochi likasogea upana wa kidole. Likasogea tena. Damu ikarudi kwenye mapaja yangu kama siafu. Saa tano na nusu mkono wa kochi uliuachia mlango, nami nikatoka nje na slipa zangu, mvua ikanipiga usoni, na nikasimama ndani yake kama mtu anayebatizwa.

Rozella akanitupia taulo mabegani. "Choo cha kambi bado kiko wazi. Kimbia, dada."

Niliporudi walikuwa wanamalizia, na walimalizia inavyotakiwa. Mgongo wa droo ulikuwa umefagiwa mpaka rangi yake ikaonekana, nyeupe, nilikuwa nimeshaisahau. Wakaikausha. Wakashusha jeki, nyumba ikainama, maji yakachuruzika. Boyd akaizungusha ndani nusu, Rozella akafuta midomo ya mpira, juu, pembeni, juu tena, wakangoja, ndipo wakaimalizia. Rozella akanishika mkono, akaubonyeza mara moja, akaenda kuwasha gari lake. Kando ya ngazi misitu mitatu ilikuwa imelala kwenye kokoto, chungu kidogo tu, ungeweza kuibeba kwa toroli moja.

Merle alikuwa ameshaingia ndani ya pikapu. Amekaa nyuma ya usukani, mlango wangu kaufungua, kama alivyoufungua kila mara kwa miaka minane.

Nilisimama pale. Nilichokitaka kilikuwa mbele yangu, na sababu zake zote: sakafu imeoza, gia imevunjika, mume hana miguu. Ningeweza kunyoosha mkono na kusema nipe funguo, na Rozella angenisaidia, na Karna angetufuata kwa ndege ya kesho. Merle asingebisha. Lakini ningekuwa mimi niliyemkalisha dirishani, na angenitazama kutoka kwenye kiti hicho kila siku iliyobaki. Kulikuwa na neno moja ambalo lilikuwa lake kulisema, na kama ningelisema mimi lingekuwa kifungo, sijui cha nani zaidi.

Nikapanda. Nikafunga mlango. Nikavuta mkanda, ukanibana kifuani. Nimetoka kwenye uchochoro mmoja na nimejiingiza mwingine kwa miguu yangu mwenyewe, ndivyo nilivyofikiri.

Lile swali la breki sikuliuliza tena. Alikuwa amelisikia.

Mbele yetu gari la Boyd lilikuwa limeshafika getini, likapiga honi mbili za kuagana. Mlinzi alikuwa amesimama na mnyororo begani, koti la mvua la manjano. Akatupungia mkono: njooni basi. Kutoka geti lile barabara inashuka moja kwa moja, maili mbili, mpaka inapokutana na njia kuu ya pwani na malori yake ya magogo.

Merle akaingiza ufunguo. Injini ikawaka, vifuta kioo vikaanza kwenda na kurudi. Nyuma yetu nikahisi nyumba ikitetemeka kidogo. Mkono wake ukaenda kwenye gia, ukakaa hapo. Mlinzi akapunga tena.

Kisha mume wangu akainama. Aliinama taratibu, akachungulia chini ya usukani, kama mtu aliyedondosha kitu. Nilitaka kumwuliza nini kimeanguka. Alibaki hivyo, kofia yake imegusa usukani, na shingo yake ya nyuma, iliyochomwa na jua la ngano miaka hamsini, ilikuwa wazi mbele yangu.

"Siihisi," alisema, bila kuinua kichwa. "Huwa nainama, natazama mguu uko wapi."